Gari ya zamani iliyolala miaka: ufunguo uache kwanza

Haya, gari umeipata. Imekaa miaka kumi, kumi na tano, pengine zaidi, tairi zote chini, vumbi limegandana na rangi, na kila anayepita anauliza swali lilelile, hivi hii inawaka kweli? Na we mwenyewe mkono unakuwasha, unataka ufunge betri upige stata japo mara moja tu usikie kama kuna uhai. Usipige. Nasema hivi kwa sababu mi nilipiga. Ilikuwa Peugeot 504 ya kabureta, kile kifaa cha kuchanganya petroli na hewa, nikafunga betri siku hiyohiyo, ikazunguka kidogo ikagota, nikapiga tena ikagota, ya tatu nikasikia kitu kimelia kraa huko ndani, basi. Tulivokuja kufungua, pistoni moja ringi zake, yani pete za chuma zinazoizunguka, zilikuwa vipande, manake zilishaganda na kutu kwenye ukuta wa silinda na stata haijui hilo, yenyewe inasukuma tu. Injini ambayo ingeachia kwa oili na wiki moja ya kusubiri ikaishia kushushwa yote.

Kwaiyo kwenye hii kazi stata inakuja karibu na mwisho. Mkono kwanza.

Siku ya kwanza kagua tu. Weka mawe kwenye tairi, maana hendibreki ya gari iliyolala ni ama haishiki kabisa ama imeshika haitaki kuachia. Fungua boneti utafute panya, au walau alama zake. Panya anakata waya nyuma ya dashibodi, anajenga kiota kwenye eya klina, anajaza manyasi kwenye bomba la moshi, alafu we unahangaika na kabureta siku tatu kumbe injini haina pa kutolea pumzi. Chungulia chini kama kuna madoa ya oili. Fuata kwa macho waya mbili za betri uone ipi inaenda kwenye bodi, usidhani tu ni hasi, kuna magari ya Uingereza ya zamani yalifungwa chanya ndo inaenda bodi, na VW Beetle za zamani zilikuwa za volti 6, ukiziwekea betri ya 12 unaunguza vitu ambavyo kuvipata ni kazi.

Sasa tuje kwenye silinda, na hapa usiwe na haraka hata kidogo. Toa plagi zote, ila kabla hujang'oa waya zake zipige tepu uziandike namba, utanishukuru baadae. Angalia kila plagi ncha yake. Yenye masizi makavu haina neno, yenye kutu inakwambia maji yaliingia humo na hiyo ndo silinda ya kuiangalia kwa jicho la pili. Mwagia kila tundu oili nyepesi ya kulainisha kutu, vijiko viwili vitatu vya chakula vinatosha. Mafundi wengi wanachanganya oili ya giaboksi ya otomatiki na asetoni nusu kwa nusu, inapenya vizuri sana kuliko nyingi za kununua kwenye kopo, ila asetoni inashika moto kirahisi kwaiyo sigara mbali. Alafu acha. Kesho yake mulika na tochi kwenye matundu, ukikuta silinda tatu zimekauka na moja bado ina dimbwi vilevile kama ulivyomwaga, huenda hiyo moja ndo ringi zimeshikana na ukuta, oili haijapata pa kupita. Ongeza, subiri tena. Siku tatu, wiki, hata wiki mbili, inategemea.

Ukiona tayari, chukua boksi spana iliyokaa sawasawa kwenye nati kubwa ya puli ya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, gia iwe huru, zungusha taratibu upande wa kukaza. Usiunge bomba refu kwenye spana uanze kuning'inia, unaweza kukata bolti au kuvunja ringi kama mimi. Ikigoma, jaribu kurudisha nyuma kidogo, mbele kidogo, nyuma, mbele, uzito wa mkono tu. Ikisogea hata upana wa kucha umeshapona, mwagia tena oili, na kila ukipita hapo ukipata nafasi isogeze zaidi.

Ikishazunguka usishangilie bado, fungua mfuniko wa valvu. Zungusha tena kwa mkono raundi mbili kamili za krenki huku unaangalia valvu moja moja, kila moja lazima ishuke na irudi. Kuna inayoshuka ikabaki hukohuko kwa sababu mguu wake umeshika kutu, na ukipiga stata katika hali hiyo pistoni inaweza kuigonga au fimbo ya kuisukuma ikapinda. Hiyo ilainishe na oili, igonge polepole na nyundo ya plastiki mpaka icheze yenyewe. Na kama injini yako inatumia mkanda wa taimingi badala ya cheni, mkanda badilisha kabla ya kupiga stata, hata kama kwa macho unaonekana mzima, raba iliyokaa miaka yote hiyo haiaminiki.

Oili ya injini mwaga yote, na filta weka mpya. Ikitoka rangi ya chai ya maziwa kuna maji, kwaiyo gasketi ya silinda hedi iwe kwenye mawazo yako. Weka mpya, siyo lazima ya ghali maana utaimwaga tena muda si mrefu. Hapo sasa ndo unaruhusiwa stata, lakini plagi zikiwa bado nje na ile waya nene ya koili umeichomoa ukaigusisha kwenye chuma cha injini. Betri iliyojaa inasoma kama volti 12.6, ile ya zamani iliyokufa humo kwenye gari achana nayo. Piga sekunde kumi, pumzisha, piga tena, mpaka taa ya oili izime au geji ipande. Lile oili ulilomwaga kwenye silinda litaruka kupitia matundu ya plagi kwaiyo usisimame hapo ukichungulia. Ukiwa na geji ya kompresheni, yani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, pima, injini nyingi za petroli za zamani zikiwa nzima zinacheza 120 hadi 150 psi, ukipata chini ya hapo leo usikate tamaa, ringi zilizolala huwa zinarudi zikishafanya kazi kidogo. Inayotisha ni silinda moja kuwa sifuri wakati wenzake wako vizuri.

Mafuta. Petroli ya miaka mingi siyo petroli tena, inanuka kama vanishi, na kweli inaacha ganda la kunata kama vanishi kila ilipopita. Usiongezee mpya juu yake eti itachanganyika. Mwaga tenki lote, na kama lina kutu lishushe lioshwe. Kwa jaribio la kwanza mi situmii tenki kabisa, nachukua kidumu kisafi, nakifunga imara sehemu iliyoinuka kidogo mbali na bomba la moshi, naunga hozi mpya moja kwa moja hadi kwenye pampu. Hozi za raba za zamani tupa zote, petroli ya siku hizi inaweza kuwa na ethanoli na raba zile hazikutengenezewa hiyo kitu, zinalainika zinavuja, na mafuta yakivuja juu ya injini ya moto mwisho wake unaujua. Mtungi wa kuzimia moto uwe karibu, usiwe ndani ya buti.

Kabureta ishushe, usiogope. Piga picha kila hatua. Fungua bakuli, chini utakuta tope la kahawia, hilo ndo lililokuwa linakusubiri. Tikisa boya sikioni, ukisikia maji maji ndani limetoboka litazama na kabureta itafurika. Sindano yake ifute isinate. Jeti osha na dawa ya kabureta alafu pulizia upepo, usizichokonoe na waya wa chuma maana tundu lile limepimwa, ukilipanua injini itakula mafuta bila sababu. Pampu ikiwa ya diaframu angalia ile raba yake, ikipasuka petroli inaweza kushuka ndani kwenye oili.

Umeme wa kuwashia ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Fungua mfuniko wa distributa, kile kinachogawa umeme kwenye plagi, pointi, yani vile vidude viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana, zitakuwa zimeota ukungu wa kijivu, hiyo tu inatosha kunyima moto. Pitisha msasa laini mara mbili tatu alafu kadi safi uondoe unga, weka nafasi karibu milimita 0.4 kwa fila geji pointi zikiwa zimefunguka kabisa, ila kitabu cha gari yako ndo kina namba yake halisi. Vaa glovu kavu, rudisha ile waya nene ya koili mahali pake, chomeka plagi kwenye waya wake, mwili wake uulaze ukigusa chuma cha injini, mbali na matundu na mafuta, mwenzako apige stata. Cheche ya bluu inayolia tik tik ni nzuri. Ya njano nyembamba, tafuta kondensa, koili, au waya wa bodi uliooza, na huo wa mwisho ndo mkosaji mara nyingi kuliko watu wanavyopenda kukubali.

Rudisha plagi zote na waya zake kwa namba ulizoandika, rejeta jaza, kagua hozi na fenibelti, toa gari nje au fungua milango yote maana moshi wake una gesi inayoua bila harufu ya kukuonya. Washa. Itakohoa, itatoa moshi mweupe mzito wa ile oili uliyomwagia silinda, majirani watatoka kuangalia, ni kawaida. Macho yawe kwenye taa ya oili, isipozima ndani ya sekunde chache zima we. Ikitulia iache kama dakika ishirini huku unachungulia uvujaji na joto, alafu zima, mwaga ile oili ingali ya moto, weka mpya na filta mpya.

Na kuwaka siyo kutembea. Breki usizipampu kwa nguvu ukitegemea zitafufuka, raba za masta silinda, ile inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali, zinapita sehemu yenye kutu zinachanika. Fungua magurudumu yote manne, wili silinda, zile zinazosukuma breki kwenye gurudumu, nyingi zitakuwa zimeganda, hozi za raba zimevimba kwa ndani mpaka breki ikishika haiachii, na yale mafuta ya breki yamekunywa unyevu miaka yote hiyo, badilisha yote. Vumbi la breki za zamani linaweza kuwa na asbesto, usilipulize na upepo, lilowanishe ulifute. Klachi ikiwa imegandana, kanyaga pedali uifungie na kipande cha mbao siku kadhaa, mara nyingi inaachia yenyewe. Tairi tafuta tarehe ubavuni, namba nne za mwisho baada ya herufi DOT, wiki na mwaka, 2314 ni wiki ya 23 ya 2014. Zikiwa namba tatu tu, hiyo tairi ni ya kabla ya 2000, haijalishi kashata zake zinang'aa namna gani.

Safari ya kwanza iwe fupi, sehemu tambarare isiyo na watu, kasi ya baiskeli. Ukirudi zunguka uguse kila rimu kwa mgongo wa mkono. Ile yenye joto kuliko wenzake, breki yake bado haijaachia, rudisha jeki.