Draiva yako ya FUSE inamfungulia kila mtu faili? Irekebishe hivi

Niliandika kadraiva ka FUSE (njia ya Linux ya kutengeneza mfumo wa faili kwa programu ya kawaida) ka kuvuta faili za seva ya ofisini, nikaimaunti (yaani nikaiunganisha kama folda) na allow_other ili wenzangu nao waone, kesho yake kijana wa stoo anasoma faili ya mishahara na wala hajaombwa paswedi. Kumbe draiva inaongea na seva kwa akaunti moja tu, yangu mimi, sasa seva itajuaje nani kakaa kwenye kibodi?

1. Pima kwanza kama mtumiaji mwingine: `sudo -u juma cat /mnt/kazi/mishahara.ods`. Usipime ukiwa root (msimamizi mkuu wa mashine), yeye anapitishwa karibu kila mahali utajidanganya bure.

2. Angalia ukaguzi umeuweka wapi. Mimi niliuweka ndani ya access(), fanksheni ya draiva ya kuulizia ruhusa, nikaenda kulala. Sasa kerneli (kiini cha Linux) inaiita hiyo wakati programu inapouliza ruhusa (access) au kuingia folda (chdir) tu, mtu akifungua faili safari inaenda moja kwa moja open(), access() yako haiguswi kabisa!

3. Maunti upya na `-o allow_other,default_permissions`. Hapo kerneli inakagua yenyewe kwa kutumia mode (ruhusa za faili), uid (namba ya mwenye faili) na gid (namba ya grupu lake) ulizorudisha kwenye getattr(), fanksheni ya kutoa taarifa za faili, na access() haiitwi tena, ifute tu.

4. Hapa ndo penye kazi. Kwenye seva uid 1001 ni Asha, kwenye laptop yako uid 1001 ni Juma, ukizipitisha namba kama zilivyo basi Juma keshakuwa mwenye faili za Asha. Linganisha majina, sio namba. Jina usilolipata lipe 65534 (nobody), usilipe uid yako eti kwa huruma. Na chown() (ya kubadili mwenye faili) ifanye hesabu hiyohiyo kinyumenyume.

Seva ikitumia ACL (orodha ya ruhusa za mtu mmoja mmoja), mode peke yake itakudanganya, itabidi ukague mwenyewe kwenye open, opendir, create, truncate, unlink, rename na chmod (kubadili ruhusa), uid ya anayeomba unaipata kwa fuse_get_context(), magrupu ya ziada kwa fuse_getgroups(). Inachosha, ila njia ya mkato sijaiona.

5. Ukimkatalia mtu rudisha -EACCES (huna ruhusa), asiye mwenye faili akijaribu chmod mpe -EPERM (kitendo hakiruhusiwi). Ukirudisha -EIO (hitilafu ya kusoma au kuandika) watu wataanza kulaumu diski.

6. attr_timeout, muda ambao kerneli inakumbuka taarifa za faili bila kuuliza tena, kwa kawaida ni sekunde 1. Mimi niliipandisha 60 nikifukuzia spidi, nikimnyima mtu ruhusa kule kwenye seva anaendelea kufungua faili karibu dakika nzima. Nimeirudisha 1. Faili aliyokwishaifungua ataendelea kuisoma mpaka aifunge, hiyo ni Unix yenyewe, draiva haina kosa.