Namna ya kuitazama ribosomu ya bakteria kwenye simu yako

Haya wale wa fomu siksi Unguja na Pemba, na nyie munaosoma sayansi pale chuo kikuu cha SUZA, hii yenu. Ribosomu, ile inayounda protini ndani ya seli, daftarini tunaichora viduara viwili ndo sehemu zake mbili, kikubwa 50S kidogo 30S, chini tunaandika 70S basi imetoka hiyo (na hapana, 50 na 30 hazijumlishwi, S ni kasi ya kuzama kwenye mashine ya kuzungusha). Kumbe ribosomu yenyewe ishapimwa kwa eksirei mpaka zikajulikana atomu zake, kazi iliyowapa Ramakrishnan, Steitz na Yonath Nobel ya kemia 2009, na data zake ziko bure.

Ingia rcsb.org, ghala la maumbo ya molekuli, kwa brauza, hakuna app ya kudaunilodi. Kwenye kutafuta andika 1FJG, ndo namba ya umbo tunalolitaka, ikifunguka bonyeza Structure, usubiri. Simu ikiganda funga vitu vyengine kwanza, maana faili si dogo, tena kama bando lako la mawazo fanya hii kwenye waifai ya skuli.

Utakachokiona mwanzo ni vurugu tupu, kama ukili uliofumuka. Usikimbie. Hiyo ni 30S ya Thermus thermophilus, bakteria wa chemchemi za moto, na ule uzi mrefu uliojikunja kila pahala ni 16S rRNA (RNA ya ribosomu), nyukleotidi, yaani herufi zake, kama 1,500. Protini zipo kama 20 hivi, nyingi zimekaa pembeni pembeni. Hapa ndo mie nnapowashauri mukae sana, kwa sababu wengi tunakariri kuwa ribosomu ni mashine iliyoundwa kwa protini wakati kinachosoma kodoni (herufi tatu tatu za ujumbe) na hata kinachounga asidi amino, vipande vya protini, kule kwenye 50S ni RNA.

Sasa tafuta dawa za kupambana na bakteria. Humo zimo tatu: SRY ni streptomaisini, ile ya TB, SCM ni spektinomaisini, PAR ni paromomaisini. Gusa molekuli jina litatokea chini, kisha vuta kwa vidole viwili usogee karibu. Streptomaisini utaikuta imebanwa na RNA pamoja na protini S12, ndo maana bakteria wa TB akibadilika hapo kwenye S12 dawa inaweza isimfanye kitu.

Halafu njoo kwa PAR, mie hapa ndo pananifurahisha khasa. Angalia A1492 na A1493, yaani herufi A za namba hizo kwenye 16S, zimetokeza nje ya mkunjo wa RNA. Kawaida zinatoka pale tRNA (RNA inayoleta asidi amino) iliyo sawa inapokaa kwenye kodoni, zinakagua, lakini paromomaisini inazisukuma nje mapema kwa hivyo hata tRNA isokuwa yake inapita na protini inatoka na makosa. Kuhakikisha, fungua 1J5E kwenye tabu nyengine, hiyo 30S ile ile lakini haina dawa, nenda herufi hizo hizo utazikuta zimelala ndani.