Kusafisha Maji ya Kijito kwa Chujio la Utando

Mvua za masika zinapochanganya mkoani Mbeya, maji ya vijito vinavyoteremka milimani hugeuka rangi ya chai ya maziwa, na hayo hayafai kumiminwa moja kwa moja kwenye chujio la utando. Yaache kwanza yatulie ndooni usiku kucha, kisha uyapitishe kwenye kitambaa safi, kwa sababu tope huziba utando upesi.

Ndani ya chujio la nyumbani la aina hii mara nyingi mna nyuzi nyembamba zilizo wazi katikati kama mirija, ambazo kuta zake zina vitundu vya takribani mikroni 0.1 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), maji hupenya, bakteria hubaki nje. Virusi ni vidogo zaidi, hivyo huhitaji utando wa mikroni 0.01 hivi, au uyachemshe tu maji hayo. Chumvi na floraidi zilizoyeyuka hupita katika tando zote mbili, na huzuiwa na osmosisi rejea, yaani kusukuma maji kwa shinikizo kubwa kupitia utando mwembamba zaidi, ambayo huhitaji pampu yenye nguvu.

Maji yakianza kutoka kwa kudondoka, sukuma maji safi kinyumenyume kwa bomba la sindano lisilo na sindano, hadi yatoke bila tope.

Kwa wakazi wa Makete, mkoani Njombe, ambako sakitu (umande ulioganda kwa baridi) huanguka Juni na Julai, nasisitiza kwamba chujio lililolowa lisilale nje. Maji yakiganda ndani yanaweza kupasua nyuzi pasipo alama yoyote inayoonekana, na chujio hilo litaendelea kutoa maji maangavu yenye vimelea. Likishaganda, litupwe.