Jinsi ya kuchimba shimo la kuwavizia bukini kando ya bwawa (udongo mweusi na mwekundu)

Nimemsaidia jamaa mmoja wa Kitengela kujenga shimo lake hivi karibuni, na maswali aliyouliza ni yale yale ninayoulizwa na kila mpiga picha wa ndege hapa Nairobi. Basi nayaandika mara moja.

Kwanza tuelewane. Mashimo haya yametoka kwa wawindaji wa Marekani, wanaojizika katikati ya mashamba ya mahindi yaliyovunwa na kufungua kifuniko bukini wakiwa karibu kutua. Huku kwetu uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inaufanya kosa. Kwa hiyo hapa tunazungumzia kamera na daftari la kuhesabia ndege tu. Ombeni ruhusa ya mwenye shamba. Kingo za mito zinalindwa na sheria, msizichimbe. Ndani ya mbuga usiguse hata jembe.

1. Mahali

Nairobi ina bahati moja. Kwa sehemu kubwa ya mwaka upepo unavuma kutoka upande wa mashariki, na bukini hutua wakiukabili upepo. Jua nalo linachomoza upande huo huo, mwendo wa saa kumi na mbili na nusu. Shimo likiwa ukingo wa mashariki wa bwawa na dirisha likitazama magharibi, jua litakuwa mgongoni kwako na ndege watakuja wakikutazama usoni. Alfajiri upepo huwa umelala na watatua watakavyo, lakini mwanga peke yake unatosha kuchagua upande huo.

Tafuta kinyesi na manyoya kwenye nyasi fupi. Bukini wa Misri hula nyasi na hulala karibu na maji, kwa hiyo ukiona wamechafua mahali, watarudi. Kukiwa na kiota, hama, hata kama mwanga ni mzuri namna gani.

2. Shimo la majaribio

Chimba kishimo chembamba cha mita moja na robo, kifunike, uje ukitazame kesho yake. Kikiwa kikavu, endelea. Kikiwa na maji na ni kiangazi, sahau kukaa kwenye benchi: chimba nusu mita tu, tandika mkeka, ulale kifudifudi. Picha zitakuwa nzuri vilevile, shingo ndiyo italalamika.

3. Kuchimba

Januari na Februari, au Julai hadi Septemba. Urefu mita mbili, upana mita moja na sentimita ishirini, kina mita moja. Benchi la sentimita arobaini na tano litayaweka macho yako juu kidogo ya usawa wa ardhi, na hapo ndipo picha ya bukini inapopendeza.

Ng'oa nyasi za juu kwa mapande, ziweke kivulini na uzimwagilie. Udongo wa chini una rangi nyingine na bukini wanauona kutoka mbali, kwa hiyo upeleke mbali kwa wilbaro, usiuache ukingoni. Udongo uliorundikwa ukingoni pia huusukuma ukuta, na ukuta huweza kumwangukia mtu aliye ndani. Mchimbaji asibaki peke yake. Sururu, sepetu na mtaimbo vinatosha. Mashine ya kuchimba usiilete: itaacha kovu ambalo halitafutika hadi mvua ijayo.

4. Kuta, na hapa nitachelewa

Kama uko Limuru upande wa Manguo au Kikuyu karibu na Ondiri, kwenye udongo mwekundu, hatua hii ni fupi: ukuta unasimama wenyewe, utie mbao tu usimomonyoke. Nenda hatua ya 5.

Kama uko Kitengela, Isinya, Embakasi au Ruai, soma yote. Udongo mweusi wa pamba hufura ukilowa na hupasuka ukikauka. Kiangazi ukuta hukatika vipande vipande, masika hukusukuma ndani. Wengi wakiona hivyo hukimbilia tangi la plastiki au sanduku la bati lililochomelewa lisipitishe hata tone. Mimi silipendi, na sababu ni moja: litaelea.

Piga hesabu. Sanduku la vipimo nilivyotaja lina ujazo wa mita za ujazo 2.4. Udongo unaolizunguka ukishiba maji hadi juu, maji hayo yatalisukuma kwa nguvu ya karibu tani 2.4. Sanduku lenyewe, benchi na wewe pamoja hamfiki hata nusu tani. Nimeona tangi lililozikwa vizuri kabisa likichomoza baada ya mvua kubwa kama debe tupu ndani ya karai. Kibaya zaidi, linapoinuka, tope hutiririka na kujaza nafasi chini yake. Hata maji yakikauka haliwezi kurudi. Unachimba upya.

Kwa hiyo jenga sanduku linalovuja. Nguzo nne za mwerezi pembeni, mbao zilizopigwa dawa zikiachiana upana wa kidole, na miti ya kukaza kuta upande hadi upande, juu na chini. Uliza bei Gikomba kabla ya kwenda duka la barabarani. Kati ya mbao na udongo acha sentimita kumi, ujaze kokoto, ili udongo ukifura uwe na pa kwenda. Lakini angalia: kokoto hizo pia ni mfereji wa kuleta maji ya mvua shimoni. Sentimita ishirini za juu zishindilie udongo, uinue kidogo kama mgongo, kisha chimba mtaro upande wa mteremko ili maji yapite kando.

Kona moja ya sakafu chimba kishimo cha ndoo. Maji yatakusanyika hapo, utayachota. Sakafu nyingine iwe kokoto, usimwage zege.

Kama tayari unalo tangi na huwezi kuliacha, una njia mbili. Toboa matundu chini na ukubali maji. Au, kabla ya masika, lijaze maji wewe mwenyewe hadi juu na uliache hivyo mpaka mvua iishe, kwa sababu lililojaa halielei. Usimsikilize fundi anayekwambia mawe mawili matatu juu ya mfuniko yatatosha.

5. Kifuniko

Fremu nyepesi ya mbao, mabati, juu yake neti ya kivuli, kisha nyasi ulizohifadhi. Kipande cha mbele kiteleze pembeni, maana kuinua mfuniko ni kupunga mkono kwa bukini wote wa bwawa. Reli yake itengenezwe na fundi wa Kamukunji, ukimchorea ataelewa. Tundu la lenzi lisizidi upana wa kiganja.

6. Kuingia

Kwa wiki moja au mbili weka kipande cha bomba jeusi mahali pa lenzi, wazoee. Siku yenyewe ingia gizani, kabla ya saa kumi na moja na nusu, na utoke ndege wakiwa wameondoka wenyewe. Mulika ndani kwa tochi kabla hujaweka mguu: kifutu hupenda mahali hapa, na mvua ikinyesha siafu nao. Jiko la makaa usilishushe shimoni hata kukiwa na baridi ya Julai. Hewa yake huua bila harufu. Beba chupa ya chai.

7. Ng'ombe

Hili husahaulika. Sehemu nyingi za kusini mwa jiji ni malisho, na ng'ombe akikanyaga mabati yako atavunjika mguu, nawe utalipa. Ukiondoka, laza magogo mawili mazito juu, uzungushe matawi ya miiba, na umwonyeshe mchungaji mwenyewe mahali shimo lilipo.