Nyongeza ya mke na watoto kwenye fidia ya ulemavu ya VA (idara ya Marekani ya waliotumikia jeshi) inaanza kuhesabiwa lini

Wenzangu mliotumikia jeshi la Marekani, hili jambo linaniuma manake watu wanapoteza hela za familia zao kwa sababu ya tarehe tu. Nyongeza ya mke au mume, watoto, na wazazi wanaokutegemea unaipata ukiwa na ulemavu wa jumla, kwa kipimo cha VA, asilimia 30 kwenda juu, chini ya hapo hata uwe na watoto sita hupati.

Sasa shika hii: una mwaka mmoja wa kuwajulisha. Tuseme umefunga ndoa 14 Juni 2023 na ulemavu wako tayari ni asilimia 40, ukatuma fomu 21-686c, ile ya kuongeza familia, Mei 2024, hapo wanahesabu tangu siku ya ndoa, na hela zinaanza tarehe 1 ya mwezi unaofuata, yaani Julai 2023, unalipwa malimbikizo yote. Ukituma Agosti 2024 wanahesabu siku walipopokea, malipo yanaanza Septemba, miezi 14 imeenda hivyo na hairudi. Mtoto akizaliwa ni vilevile.

Lakini wengi hawajui hii ya pili, wanasema aah mi nilioa zamani basi nimeshachelewa. Hapana! Kama ulikuwa na asilimia 10 na barua imekuja kwamba umepandishwa hadi 40, mwaka unahesabika upya tangu barua hiyo, kwa hiyo ukituma taarifa za familia ndani ya mwaka huo wanarudi mpaka tarehe ile asilimia 40 ilipoanza, hata kama ni miaka 2 nyuma. Barua ikifika jaza fomu wiki hiyohiyo jamani.

Wakati wa kujaza uwe na namba za Social Security za wote, tarehe na mahali mlipofungia ndoa, pia ndoa za zamani za pande zote mbili na lini ziliisha, watu wengi wanakwama hapo. Wakikuandikia kuomba karatasi zaidi, usiiweke barua kabatini, nayo ina mwaka wake.

Mtoto akifika 18 na bado anasoma, tuma fomu 21-674, ile ya mtoto anayesoma, anaweza kuendelea mpaka 23.

Na mkiachana wajulishe haraka sana, nyongeza inakoma mwisho wa mwezi wa talaka, ukinyamaza zile ulizokula zinakuwa deni na wanalikata kwenye fidia yako.