Jinsi ya kusajili jiko la pamoja la wajasiriamali wa chakula Mtwara

Wengi wanaotaka jiko la pamoja huanza na fundi. Wanapanga banda, wanabandika vigae, wanajenga majiko, ndipo wanakumbuka vibali. Utaratibu huo unakula hela. Anzeni na karatasi na bwana afya, fundi aje baadaye.

Kwanza kikundi. Kaeni kikao, chagueni viongozi, andikeni muhtasari na wote wasaini, kisha katiba. Hapa msifanye haraka. Katiba za kunakili kutoka kikundi cha jirani zimejaa faini za kuchelewa kikao, lakini hazisemi nani analipa mtungi wa gesi ukiisha katikati ya zamu yake. Andikeni ufunguo unakaa kwa nani. Andikeni zamu zinagawanywaje, hasa Ramadhani, maana ikifika alasiri kila mtu anautaka moto. Oveni iliyonunuliwa kwa mchango inabaki ya nani mwanachama akijitoa? Kitimoto kinaingia jikoni au hakiingii? Hilo la mwisho watu huona haya kulitaja, halafu ndilo linalovunja kikundi. Mafuta nayo yatengwe: visheti vilivyokaangwa kwenye mafuta yaliyopitiwa na pweza, mteja anavinusa kabla hajatoa hela.

Muhtasari na katiba vipelekeni kwa mtendaji wa mtaa awape barua, muende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, naye awaelekeze halmashauri kusajiliwa. Mkishapata cheti na akaunti ya benki, mnaweza kuomba mkopo usio na riba unaotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Angalieni mgawanyo huo kabla ya kuorodhesha wanachama. Kikundi kilichochanganya mama wa miaka 50 na kijana wa kiume hakina mlango wa kuingilia.

Sasa jengo. Kabla ya kusaini pango, mwombeni bwana afya wa kata aje alitazame. Atauliza maji yanatoka wapi na yanamwagika wapi, choo kimekaa upande gani, sakafu inaoshika au ni vumbi la saruji, dari ipo, madirisha yana wavu, taka zinawekwa kwenye nini. Nyumba nyingi za zamani za kupangisha huangushwa na maji machafu: karo ipo, lakini bomba lake linaishia uani. Hilo akilisema mapema, mnamwachia mwenye nyumba alitengeneze yeye. Mkataba wa pango utaje wazi kwamba pale ni jiko la biashara.

Wapishi wote wapime afya, na warudie kila baada ya miezi 6. Anayekuja kusaidia siku mbili za harusi naye anashika chakula, kwa hiyo apimwe.

TIN, yaani namba ya mlipakodi, inatolewa na mamlaka ya mapato, TRA, bila malipo; nenda na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), na mkataba wa pango uwe mkononi kwa ajili ya makadirio ya kodi. Ukipata cheti cha kutodaiwa kodi, leseni ya biashara unaiombea kwenye TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri. Ushauri wangu: jiko liwe la kikundi, lakini kila anayeuza kwa jina lake awe na TIN yake. Kuchanganya mauzo ya watu wanane kwenye namba moja ni kununua ugomvi.

Mwisho ni TBS, shirika la viwango, ambalo tangu 2019 ndilo linaloshughulikia usalama wa chakula badala ya iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa. Anayepeleka wali samaki maofisini haendi kutafuta alama ya ubora. Alama ni ya bidhaa iliyofungashwa, kama korosho za kukaanga au siagi ya karanga. Mjasiriamali mdogo apitie kwanza SIDO, shirika la viwanda vidogo, achukue barua ya utambulisho, inampunguzia gharama. TBS watakagua jiko na kuchukua sampuli. Karanga zichambueni mapema, zenye ukungu mtupe, kwani sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu huo, haiondoki kwa kukaanga. Na lebo msichapishe maelfu kabla mkaguzi hajaiona: viambato, uzito, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, anwani ya mtengenezaji. Chapisheni chache za kumwonyesha, zingine zisubiri majibu.