Unapokula kwa Mawazo: Kutumia Hipnosi Nyumbani

Hipnosi ni kuutuliza mwili na kukazia akili jambo moja, ili maneno unayojiambia yakuingie; hapa unaitumia kupunguza kula kwa sababu ya mawazo, si njaa. Anza na daftari. Kwa wiki moja, kila mkono unapoenda kwenye kaimati au mahamri bila njaa, andika saa na kilichokusibu: hasira, upweke, au uchovu tu. Njaa ya tumbo huja polepole na hukubali hata wali mkavu. Ya moyo huja ghafla na hutaka kitu kimoja.

Kisha tenga dakika 15, baada ya Isha, Lamu ikishatulia. Keti, ukilala utasinzia. Kazia macho boriti moja ya dari mpaka kope zichoke, ufumbe. Vuta pumzi kwa hesabu ya 4, itoe kwa 6. Jione ukishuka ngazi za nyumba ya mawe, ukihesabu 10 hadi 1, mwili ukilegea kila kidato. Hakuna kupandisha mashetani hapa: unasikia kila kitu, na ukitaka unafumbua macho.

Ukifika chini, bana kidole gumba na cha shahada, useme moyoni mara 5: "Hasira ikija, navuta pumzi, natulia." Wengi huharibu hapa. Husema "sitakula kaimati", na akili huiona kaimati ile ile, ikichuruzika shira. Hesabu 1 hadi 5, fumbua macho.

Mchana hamu ikipanda, bana vidole vile vile, subiri dakika 10. Kama ni njaa ya kweli, kula. Mwenye kifafa, anayesikia sauti wasizozisikia wengine, au anayekula akajitapisha aanze kwa daktari. Anayetumia insulini asiruke mlo.